Petroli Inanuka Nyuma ya MGB? Badilisha Sili ya Kifuniko cha Tangi

Swali ni lile lile, linabadilika sura tu. "Nikijaza tangi gari linanuka petroli." "Rangi chini ya kifuniko imeanza kufura." "Nikikata kona ya kushoto mafuta yanachuruzika mpaka kwenye bampa." Wenye magari haya madogo ya michezo ya Kiingereza wanauliza hivyo Nairobi, wanauliza hivyo Birmingham, na mara nyingi jibu ni pete ya raba nyembamba kuliko kidole. Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Tatizo ni kwamba watu wanaianza wakiamini mambo mawili: kwamba raba yoyote inafaa, na kwamba tangi likizibwa kabisa ndiyo vizuri zaidi. Yote mawili si kweli, na la pili linaweza kukuacha barabarani.

Nitatumia MGB kama mfano. Iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na bado ziko nyingi barabarani. Kifuniko chake kiko nyuma upande wa kulia, chini ya mlango wa buti, wazi kabisa bila kijimlango cha kukificha, kwa hiyo jua, mvua na vumbi vyote ni vyake. Hatua hizi zinafaa pia kwa MG Midget. Kwa Triumph Spitfire na TR6 kifuniko kinakaa juu ya bodi, katikati, mbele ya buti. Kazi ni ile ile, ila huko taabu kubwa huwa ni maji kuingia kuliko petroli kutoka.

Kama gari lako ni Mazda MX-5, ambalo lina sura ya zamani lakini lilitoka 1989, usikate raba yoyote. Kifuniko chake ni cha plastiki cha kuzungusha, kinafanya kazi pamoja na mfumo wa kunasa mvuke. Nunua kifuniko kizima cha modeli yako, funga, endelea na maisha.

Hakikisha kwanza kwamba ni sili

Harufu ya petroli inaweza kutoka sehemu nyingine: mpira unaounganisha shingo na tangi, gaskiti ya geji ya mafuta, paipu ya pampu, au tangi lenyewe lililooza kwa juu pale uchafu na maji vinapokaa kati yake na sakafu ya buti. Ukibadilisha sili huku tundu liko kwenye tangi, umejifurahisha tu.

Futa sehemu yote inayozunguka kifuniko ikauke. Paka poda ya mtoto nyembamba kwenye bodi chini ya kifuniko. Endesha kama dakika ishirini ukiwa na tangi zaidi ya nusu, upitie kona ndefu za kushoto, kwa sababu kwenye kona ya kushoto mafuta yanakimbilia kulia, na kulia ndiko kifuniko kiliko. Simama, uangalie. Petroli ikipita kwenye sili utaona njia yake kwenye poda, ikianzia kwenye ukingo wa kifuniko na kushuka. Poda ikiwa kavu na harufu ipo, fungua buti, inua zulia, na unuse huko. Pua ikikuambia ni buti, acha kifuniko kwanza.

Kuna raba mbili pale, na wanaoanza huzichanganya. Moja iko ndani ya kifuniko. Hiyo ndiyo sili tunayoizungumzia. Nyingine inazunguka shingo pale inapotokeza kwenye bodi, na kazi yake ni kuzuia maji na vumbi yasiingie kwenye buti. Hiyo ya pili hata ikipasuka vipande, petroli haitavuja kwa sababu yake.

Unachohitaji

- Sili mpya ya kifuniko chako, au kipande cha raba bapa ya naitraili (NBR) chenye unene wa milimita 3
- Vernia, au rula nzuri na macho mazuri
- Bikari ya kukatia yenye wembe, na ubao laini wa kukatia juu yake
- Kijiti cha mbao kilichochongwa ncha bapa
- Msasa wa maji namba 400 na namba 600
- Tupa ndogo bapa
- Spiriti, na vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi
- Kamba fupi
- Chaki, karatasi nyembamba (risiti ya dukani inatosha), donge dogo la unga wa ngano uliokandwa, na mfuko wa plastiki
- Glavu za naitraili
- Mtungi wa kuzimia moto wa poda, karibu na mkono

Neno kuhusu raba, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Tyubu ya tairi haifai. Raba ya kandambili haifai. Silikoni ya kwenye mrija, ile ya kuzibia gaskiti za injini, haifai: petroli inailainisha, na vipande vyake vinaishia kwenye chujio au kwenye kabureta. Raba ya EPDM, ambayo ndiyo ya mipira mingi ya maji ya rejeta, inavimba vibaya ikiguswa na petroli. Kinachofaa ni naitraili, au FKM, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viton. FKM ni ghali zaidi. Ukiwa Uingereza, ambako petroli ya kawaida imekuwa E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) tangu Septemba 2021, ningelipa hiyo tofauti, kwa sababu ethanoli inazichosha haraka raba za zamani na sili za koki (ile ya gome la mti inayotengenezewa vizibo). Au jaza ile ya daraja la juu, ambayo ni E5.

Muuza spea akikwambia "hii ni raba ya mafuta", huenda anamaanisha oili. Kata kipande kidogo, kipime kwa vernia, kitie kwenye chupa ya kioo yenye petroli kidogo na kifuniko cha chuma, iache nje, mbali na watoto, usiku mzima. Asubuhi pima tena. Kuongezeka kidogo sana ni kawaida. Kikivimba kiasi cha kuonekana kwa macho, au petroli ikibadilika rangi, hiyo si raba yako.

Sili iliyo tayari ikipatikana kwa kifuniko chako, inunue, usijitese na bikari. Kukata mwenyewe ni kwa yule ambaye spea yake inakuja kwa meli.

Kuhusu moto

Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mombasa saa sita mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji na kukaa humo. Kwa hiyo kazi hii haifanyiki juu ya shimo, wala karibu na jiko la mkaa la mama ntilie, wala pembeni ya fundi anayechomelea. Sigara iko mbali. Grenda haihusiki hata kidogo, hata kama kutu kwenye shingo inakukera namna gani.

Hatua kwa hatua

1. Egesha gari nje, mahali tambarare, kwenye kivuli chenye upepo. Injini iwe baridi. Tangi liwe nusu au chini ya hapo, ili mafuta yasiwe karibu na mdomo wakati unafanya kazi.

2. Kata umeme. Kwa kifuniko peke yake wengine hawajisumbui, lakini ukija kugundua mpira wa shingo nao umepasuka utafurahi kwamba ulishakata. Kwenye MGB kuna mtego: zile za mpaka 1974 zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na zilizotengenezwa kabla toleo la pili, MkII, halijatoka mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani erthi ikiwa upande wa chanya. Kwa hiyo usifuate mazoea ya kutoa hasi kwanza. Fuata waya kwa macho. Ule uliofungwa kwenye bodi ndio unaotoka kwanza, uwe chanya au hasi.

3. Fungua kifuniko polepole na usikilize. Hewa ikiingia kwa sauti, "fyuuu", maana yake tangi lilikuwa linavuta na halipati pa kupumulia. Usikie au usisikie, kumbuka. Tutairudia kwenye hatua ya 6.

4. Ziba shingo. Kunja kitambaa safi, kifunge kamba katikati, kisukume kidogo ndani ya mdomo na uache mkia wa kamba ukining'inia nje. Kamba si mapambo. Kitambaa kisicho na kamba kikitumbukia, kazi ya asubuhi inageuka kuwa ya kushusha tangi. Peleka kifuniko mezani. Vile vifuniko vyenye bawaba havitoki hivi hivi. Hivyo utafanyia kazi hapo hapo, kitambaa kikiwa mahali pake muda wote.

5. Toa sili nzee kwa kile kijiti cha mbao. Usitumie bisibisi: mkwaruzo mmoja kwenye kikalio cha sili ni njia mpya ya petroli. Piga picha kabla ya kutoa, ili ujue ilikaa upande gani wa lile bamba la ndani. Kama ni ya koki itavunjika kama makombo ya biskuti. Kusanya makombo yote, usiyapulizie upande wa shingo.

Sasa iangalie hiyo sili nzee kabla ya kuitupa, maana inakueleza ugonjwa. Geuza uso ule uliokuwa unagusa mdomo wa tangi. Utaona mfereji uliochimbwa na chuma. Mfereji ukiwa na kina sawa pande zote na raba imekuwa ngumu kama kucha, ni uzee tu. Badilisha na utapona. Mfereji ukiwa na kina upande mmoja na upande wa pili hakuna alama kabisa, kifuniko au mdomo umepinda, na sili mpya itavuja vile vile usiponyoosha chuma. Raba ikiwa laini, inanata, imekuwa kubwa kuliko kikalio chake, aliyekutangulia aliweka raba isiyo ya petroli. Na ukiona sili mbili zimebandikwa moja juu ya nyingine, ujue masikio ya kifuniko, yale yanayokibana kwenye mdomo, yamelegea na mtu aliamua kuficha.

6. Tafuta gari linapumulia wapi. Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo inayoleta lawama baadaye. Kila lita inayotoka kwenye tangi lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Kwenye magari yasiyo na mfumo wa kunasa mvuke, hewa hiyo huingia kupitia kitundu kidogo ndani ya kifuniko chenyewe. Kwenye MGB zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuna kopo la mkaa la kunasa mvuke wa petroli kwenye chumba cha injini, na tangi linapumua kupitia paipu inayoenda huko. Kifuniko chake hakina tundu, na hakitakiwi kuwa nalo. MGB nyingi ziliuzwa Marekani, na baadhi zikarudishwa Uingereza baadaye na kuhamishiwa usukani kulia. Katika safari hizo vifuniko vimebadilishana sana. Kwa hiyo usiangalie kitabu tu, angalia gari lililo mbele yako.

Kama kopo la mkaa halipo, kifuniko lazima kipitishe hewa. Tafuta kitundu kwenye bamba la ndani, kizibue kwa waya mwembamba wa shaba, halafu shikiza mpira mwembamba wa pampu ya baiskeli usukume hewa kwa upole. Hewa ipite. Usipulize kwa mdomo. Kama kopo lipo na paipu zake zimeunganishwa, acha kifuniko bila tundu, na ole wako ukitoboa: utakuwa umevunja mfumo mzima na harufu itakuwa ya kudumu.

7. Safisha na ukague chuma. Futa kikalio cha sili kwa kitambaa chenye spiriti. Kilaze kifuniko kifudifudi juu ya kipande cha kioo, ukingo wake ukigusa kioo, ubonyeze pembeni kwa kidole, kikicheza, kimepinda. Kisha nenda kwenye mdomo wa tangi na upitishe ncha ya kidole kuuzunguka wote, taratibu. Kidole kinahisi jeraha ambalo jicho halioni. Majeraha mengi yako pale ambapo bomba la sheli hugonga, kwa chini. Kitambaa kikiwa bado kimeziba shingo, sugua kwa msasa namba 400 uliotiwa tone la oili, ukifuata mzunguko wa mdomo na si kukata kwenda ndani na nje, umalizie kwa 600. Palipojikunja juu, gusa kidogo kwa tupa. Ukimaliza, futa unga wote wa chuma kabla hujavuta kitambaa.

Angalia pia masikio mawili ya bamba la ndani, yale yanayoingia kwenye nafasi za mdomo na kubana ukizungusha. Yakiwa yamelika mpaka ncha zimekuwa kali, nunua kifuniko kipya. Hakuna raba itakayookoa hilo. Yakiwa mazima ila yamelegea, yanaweza kukunjwa kidogo kuelekea kwenye kifuniko kwa koleo, chini ya milimita moja, yote mawili sawa.

8. Pima nafasi. Usikisie unene. Chukua unga uliokandwa, utengeneze kamba nyembamba, uufunge kwenye plastiki, uzungushe kwenye kikalio ambapo sili hukaa. Funga kifuniko mpaka mwisho, fungua, halafu pima unene wa unga uliobonyezwa sehemu nne. Hiyo ndiyo nafasi yako halisi. Sili bapa inapaswa kubanwa karibu sehemu moja ya tano ya unene wake, kwa maana ya asilimia 20 hivi: nafasi ikiwa milimita 2.4, raba ya milimita 3 inakaa sawasawa. Vipimo vinne vikitofautiana zaidi ya nusu milimita, rudi hatua ya 7.

Pima pia kipenyo cha nje cha kikalio na kipenyo cha bamba la ndani. Kwa sili nzee usipime, imeshatanuka au kusinyaa.

9. Kata, kama hukununua iliyo tayari. Laza raba juu ya ubao, lowesha wembe kwa maji ya sabuni. Anza na duara la nje, malizia la ndani. Ukianza na la ndani, katikati panatoka na mguu wa bikari unabaki hauna pa kusimama. Zungusha mara kadhaa kwa nguvu kidogo, usilazimishe kwa mara moja, la sivyo ukingo utakuwa wa mteremko. Duara la ndani liwe dogo kuliko bamba kwa milimita moja au mbili ili sili ishike yenyewe.

10. Vaa sili. Iloweke kwenye maji ya moto, yasiyochemka, dakika chache ilainike, ikaushe vizuri, ivute juu ya bamba kwa vidole, sehemu kwa sehemu. Paka vaselini nyembamba kwenye uso wake ili isijikunje unapofunga mara ya kwanza. Naitraili haina ugomvi na vaselini. Usitie gundi yoyote. Sili ikihitaji gundi ili ikae, haijakatwa sawa.

Ukishavaa, angalia kwamba raba haijafunika kile kitundu cha kupumulia. Hili linatokea hasa kwa sili za kukata mwenyewe zilizo pana kwa ndani.

11. Jaribu kabla ya kuwasha. Vuta kitambaa, hesabu kwamba kimetoka kizima. Paka chaki kwenye mdomo wa tangi, funga, fungua. Kwenye sili kuwe na duara jeupe lisilokatika. Pakikatika, hapo ndipo patakapovuja. Halafu weka ukanda wa karatasi kati ya sili na mdomo, funga, vuta: uvutike kwa shida. Rudia sehemu nne au tano kuzunguka.

Mkono nao una la kusema. Kifuniko kizuri kinaingia kirahisi, kinaanza kugoma kwenye sehemu ya mwisho ya mzunguko, kisha kinatulia. Kikizunguka bila upinzani, raba ni nyembamba. Kikihitaji mikono miwili, ni nene, na usikilazimishe: utavunja masikio, au utakwama sheli huku foleni ikikupigia honi.

12. Rudisha waya wa betri, paka poda upya, rudia ile safari ya kona za kushoto. Siku inayofuata jaza tangi na urudie. Usilijaribu tangi kwa kulipulizia hewa ya kompresa. Tangi hili halikuundwa kubeba presha, na mishono yake ina umri wa miaka hamsini.

Bado kuna shida?

*Gari linazima baada ya nusu saa, likipoa kidogo linawaka.* Fungua kifuniko. Likivuta hewa kwa sauti na kisha likakubali kuwaka, umeziba tundu la kupumulia. Kwenye MGB pampu ya SU ya umeme iko nyuma na unaweza kuisikia: ukiwasha swichi bila kuwasha injini inagonga haraka haraka, kisha inatulia kabureta zikijaa. Tangi likiwa linavuta, inagonga kwa kusuasua, au inanyamaza huku kabureta hazina kitu. Wengi hununua pampu mpya hapa. Pampu haikuwa na kosa.

*Linavuja tangi likijaa tu, tena likisimama juani.* Huenda sili ni nzima. Petroli hupanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 50 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi la sheli, zikapanda joto nyuzi 20 ukiwa umeegesha kwenye lami, zinaongezeka karibu lita nzima. Hiyo lita itatafuta pa kutokea. Mwambie anayejaza asimame bomba linapokata lenyewe mara ya kwanza, asiongeze "kidogo ifike namba nzima".

*Kifuniko hakifunguki tena baada ya wiki mbili.* Raba imevimba. Usipige nyundo. Kimwagie maji ya uvuguvugu, kishike kwa kitambaa kikavu, kibonyeze ndani kabla ya kuzungusha ili kupunguza mkazo kwenye masikio. Kikitoka, tupa hiyo sili na urudi kwenye jaribio la chupa ya kioo.

*Karatasi inatoka kirahisi upande mmoja tu.* Chuma, si raba. Geuza kifuniko nusu mzunguko kama mdomo unaruhusu, ujaribu tena. Ulegevu ukihama pamoja na kifuniko, kifuniko kimepinda. Ukibaki palepale, mdomo ndio wenye jeraha.

*Hakuna tone popote lakini ndani kunanuka, hasa kwenye MGB GT, ile yenye paa la chuma na mlango wa nyuma.* Hewa inayozunguka nyuma ya gari likiwa kwenye mwendo hurudi mbele na kuingia kupitia mlango wa nyuma usioziba vizuri, ikibeba mvuke wowote inaoukuta. Kagua raba ya mlango huo, kisha mpira wa shingo ya tangi, kisha gaskiti ya geji. Ukifikia mpira wa shingo, ukunje kwa mkono: ukionyesha nyufa ndogo ndogo kwa nje, ubadilishe na klipu zake zote mbili.

*Gari linakohoa baada ya mvua, Spitfire au TR6.* Maji yameingia kupitia kifuniko na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli yamekaa chini kabisa, pale pale pampu inapovuta. Toa petroli kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Mstari kati ya maji na petroli utauona wazi. Ondoa yote kabla ya kuweka sili mpya, la sivyo tangi litaendelea kuota kutu kwa ndani na kutu hiyo utaikuta kwenye kabureta.

*Kifuniko kipya cha kromu nilichonunua kinavuja kuliko cha zamani.* Hutokea. Nakala nyingi za bei rahisi zina springi dhaifu na bamba jembamba. Kama cha zamani masikio yake ni mazima, kirudishe na sili mpya, hata kama kromu yake imechoka.

Vitambaa vilivyolowa petroli vitandaze nje vikauke mbali na moto, usivifungie kwenye buti wala kwenye pipa la takataka la ndani. Na kama ulikata sili mwenyewe, kata ya pili hapo hapo wakati bikari bado iko kwenye kipimo, uiweke kwenye bahasha gizani pamoja na karatasi yenye vipimo vyako vinne.